Matembezi na safari za baiskeli za hisani kwa ajili ya makanisa ya kale ya Uingereza: mwongozo kamili

Kila mwaka, Jumamosi ya pili ya mwezi wa Septemba, makanisa mengi ya Uingereza, ya mijini na ya vijijini, huwa wazi kuanzia asubuhi hadi jioni ili kuwapokea waendesha baiskeli na watembea kwa miguu wanaokwenda kutoka kanisa moja hadi jingine wakichangisha fedha. Shughuli hiyo huitwa Ride and Stride. Ilianza katika kaunti ya Suffolk mwanzoni mwa miaka ya 1980, chini ya mfuko wa kuhifadhi makanisa ya kihistoria ulioanzishwa huko mwaka 1973, kisha ikaenea katika sehemu kubwa ya nchi. Kila kaunti huiendesha kupitia mfuko wake, na shirika la National Churches Trust, lililoundwa mwaka 2007, huitangaza kitaifa. Kwa mtu aliyezoea matembezi ya hisani ya kwetu, sura yake si ngeni: unawaomba watu wakuahidi fedha, unatembea au unaendesha baiskeli, halafu unakusanya ulichoahidiwa. Tofauti ni kwamba hapa hakuna umati unaoanza pamoja uwanjani, hakuna mgeni rasmi, wala hakuna njia moja iliyopangwa kwa ajili ya wote. Kila mshiriki huchagua mwenyewe mahali pa kuanzia, makanisa atakayoyafikia na umbali anaoumudu.

Mwongozo huu unawalenga wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Uingereza: wanafunzi, wafanyakazi, familia, na hasa jumuiya za waumini ambazo hufanya ibada zao za Kiswahili ndani ya jengo la kanisa la kale walilopewa nafasi na parokia ya mahali hapo. Anayesali chini ya paa ana haki ya kushiriki kulitengeneza, na siku hii ni njia rahisi ya kufanya hivyo bila kuwa fundi wala tajiri. Nasisitiza tangu mwanzo jambo ambalo sehemu zote zinazofuata zinalitegemea: kiasi cha fedha utakachopata huamuliwa kabla ya Jumamosi yenyewe, kwenye fomu ya wafadhili na kwenye ramani. Miguu huja baadaye.

Kwa nini makanisa haya yanahitaji fedha

Wageni wengi hudhani kwamba Kanisa la Uingereza, kwa kuwa ni kanisa rasmi la taifa na lina mfalme kama mkuu wake, hutunziwa majengo yake na serikali. Sivyo. Mzigo wa kutunza jengo la kanisa la parokia huwa juu ya baraza la parokia, yaani waumini wenyewe, na kijijini baraza hilo linaweza kuwa na watu wachache tu, wengi wao wazee, wanaobeba jengo lililosimama tangu karne ya 13 au ya 14. Zaidi ya makanisa 12,500 ya Kanisa la Uingereza yamesajiliwa na kulindwa kisheria kwa thamani yake ya kihistoria, na karibu asilimia 45 ya majengo yote ya daraja la kwanza la ulinzi nchini ni makanisa. Ulinzi huo una maana kwamba huwezi kung'oa mabamba ya madini ya risasi yaliyochakaa juu ya paa na kupiga bati la kawaida. Lazima uombe kibali, umtafute fundi anayejua kazi ya mawe au ya risasi, na ulipe kwa kadiri ya ujuzi huo. Tangu sheria iliyopitishwa mwaka 1955, kila kanisa hulazimika kukaguliwa na mtaalamu wa majengo kila baada ya miaka 5, na ripoti ya ukaguzi huo mara nyingi huorodhesha matengenezo ambayo sadaka za Jumapili haziwezi kuyafikia.

Adui mkubwa ni maji. Mfereji wa paa ulioziba kwa majani husababisha maji kufurika ukutani, ukuta hulowa, mbao za dari huoza, na baada ya miaka michache gharama iliyokuwa ya ngazi na siku moja ya kazi hugeuka kuwa ya mamia ya maelfu ya pauni. Ndiyo maana hata mchango mdogo unaofika mapema una thamani kubwa.

Fedha zinazokusanywa na kila mshiriki hugawanywa, kwa kawaida nusu kwa nusu. Nusu moja huenda kwa mfuko wa kaunti, ambao hutoa ruzuku kwa makanisa yenye matengenezo makubwa. Nusu ya pili hurudi kwa kanisa ambalo mshiriki mwenyewe amelitaja kwenye fomu yake. Kanisa hilo si lazima liwe la Kianglikana. Mifuko mingi hukubali makanisa ya Kikatoliki, ya Kimethodisti, ya Kibaptisti na mengineyo, lakini thibitisha hilo katika maelezo ya kaunti yako kabla ya kuanza kuwaahidi watu.

Hatua ya kwanza: chagua kaunti, kanisa na mratibu

Anza mwezi wa Juni au Julai. Tafuta jina la mfuko wa makanisa ya kihistoria wa kaunti unayoishi, hakikisha kwamba unashiriki mwaka huu, kisha uombe fomu ya wafadhili na orodha ya makanisa yatakayokuwa wazi. Parokia nyingi huwa na mtu mmoja aliyekabidhiwa shughuli hii. Ukisali katika jengo la parokia, mwulize kasisi au mzee wa kanisa akuelekeze kwake. Fomu inayotolewa na mratibu ni bora kuliko karatasi ya kujitengenezea, kwa sababu ina maneno ya kisheria yanayohusu kodi, ambayo nitayaeleza hivi punde, na ukiyakosa fedha halali hupotea.

Amua mapema kanisa litakaloipata nusu ya pili. Jumuiya inayoazima jengo hufanya vizuri ikilitaja jengo hilohilo, na ni adabu njema kumwarifu kasisi mwenyeji kabla ya kutangaza, ili naye awahimize waumini wake wawachangie wageni wake. Nimeona uhusiano uliokuwa wa mpangaji na mwenye nyumba ukibadilika kabisa kwa hatua hiyo moja.

Hatua ya pili: fomu ya wafadhili

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote.

Mfadhili anaweza kuahidi kwa njia mbili: kiasi kimoja kwa safari nzima, au kiasi fulani kwa kila kanisa utakalolifikia. Njia ya pili huvutia, maana mtu huona kwamba juhudi yako ndiyo inayoongeza mchango wake. Ina hatari yake, kwa kuwa aliyekuahidi pauni 1 kwa kila kanisa akidhani utafika 5 atashtuka ukimletea hesabu ya makanisa 22. Kwa hiyo, kila anayeahidi kwa idadi mwambie idadi unayoitarajia, na mwache aandike kikomo ambacho hatapenda kukivuka. Kwa wanaokufahamu kidogo tu, pendekeza kiasi kimoja kwa safari nzima, na ikiwezekana kilipwe papo hapo. Ahadi ya fedha huchosha kuifuatilia baada ya siku yenyewe kupita, na hilo analijua kila aliyewahi kushika daftari la ahadi za harambee.

Kuna tofauti moja ambayo wenzetu wengi hukutana nayo bila kujiandaa. Katika harambee ya nyumbani, ahadi hutajwa mbele ya watu, na sauti ya msemaji wa shughuli hufanya kazi kubwa ya kuwasukuma wanaosita. Hapa fomu huzunguka kimyakimya, mkono kwa mkono, ofisini, darasani au baada ya ibada wakati wa chai. Mtu haombwi hadharani, na akikataa hakuna anayejua. Kwa sababu hiyo lazima umwombe kila mtu ana kwa ana, kwa jina lake, ukimweleza kwa sentensi mbili fedha zitafanya nini. Tangazo la jumla katika kundi la WhatsApp huleta pongezi nyingi na fedha chache. Mwambie mtu, kwa mfano, kwamba mfereji wa upande wa kaskazini wa kanisa mnalosalia unavuja na kwamba parokia inatafuta fedha za kuutengeneza; atatoa kwa moyo kuliko akiambiwa "tuhifadhi urithi". Vilevile, mtu wa kwanza kuandika jina lake kwenye fomu na awe mkarimu, kwa sababu kila anayefuata hutazama mstari ulio juu yake kabla ya kuandika kiasi chake.

Sasa suala la kodi. Uingereza ina utaratibu unaoitwa Gift Aid, ambao huruhusu shirika la hisani kudai kutoka kwa mamlaka ya kodi senti 25 kwa kila pauni 1 iliyotolewa na mlipa kodi. Mchango wa pauni 10 huwa pauni 12.50, na mfadhili haongezi hata senti. Kwa fomu yenye wafadhili 30, tofauti hiyo si ya kudharauliwa. Lakini masharti yake ni lazima yatimizwe kikamilifu:

- Mfadhili aandike jina lake kamili, anwani ya nyumbani kwake pamoja na msimbo wa posta, kiasi na tarehe aliyolipa, kisha aweke alama katika kisanduku cha Gift Aid. Anwani ya kazini haikubaliki.
- Fedha ziwe zake mwenyewe. Mchango uliokusanywa ofisini kwa kofia hauwezi kuandikwa kwa jina la mtu mmoja, na mume na mke wanaotaka wote kuhesabiwa waandike mistari miwili.
- Awe amelipa kodi ya Uingereza, ya mapato au ya faida ya mtaji, isiyopungua kiasi ambacho mashirika yote ya hisani yatakidai kwa michango yake ndani ya mwaka huo wa kodi, unaoanza tarehe 6 Aprili. Kodi ya ongezeko la thamani anayolipa dukani haihesabiwi.

Sharti la mwisho linatugusa zaidi sisi. Mwanafunzi ambaye mapato yake hayajafika kiwango cha kutozwa kodi, au shangazi aliyeko Tanga ambaye hajawahi kulipa kodi Uingereza, anakaribishwa kuchangia kwa mikono miwili, lakini asiweke alama kwenye kisanduku hicho. Usimwekee wewe kwa kudhani unamsaidia, kwa kuwa kosa hilo humrudia yeye mwenyewe kwa kudaiwa fedha na mamlaka ya kodi.

Mifuko mingi siku hizi huwa pia na ukurasa wa kuchangia kwa intaneti. Utumie kwa ndugu walio mbali, na ubaki na karatasi kwa walio karibu.

Hatua ya tatu: kupanga njia

Kosa la kawaida la mgeni ni kupanga safari kwa kilomita. Katika shughuli hii hesabu ni ya makanisa, na kilomita ni gharama tu ya kuyafikia. Unatafuta mahali yalipokaribiana. Norfolk, kwa mfano, ina makanisa zaidi ya 600 ya zama za kati, na zaidi ya 120 kati ya hayo yana minara ya duara ambayo ni nadra kuonekana kwingineko nchini. Huko mwendesha baiskeli anaweza kuona mnara wa pili kabla hajaupoteza wa kwanza machoni. Anayetembea kwa miguu naye anafaidika zaidi katika mji wa kale. Norwich peke yake ina makanisa 31 ya zama za kati yaliyosalia, yote yakiwa ndani ya eneo ambalo mtu mzima wa kawaida analizunguka kwa siku moja, ingawa mengi hayatumiki tena kwa ibada na hayawi yote wazi.

Chukua ramani ya Ordnance Survey, shirika la taifa la upimaji ramani, ya kipimo cha 1:50,000. Juu yake kanisa lenye mnara huonyeshwa kwa mraba mweusi wenye msalaba juu, lenye mnara uliochongoka kwa duara jeusi lenye msalaba, na lisilo na mnara kwa msalaba mtupu. Zungushia kwa penseli kila alama iliyo pia kwenye orodha ya mfuko, kisha tafuta mzunguko unaozifikia nyingi kwa barabara ndogo. Simu inakuonyesha njia, lakini ramani ya karatasi inakuonyesha kanisa ambalo hukujua kwamba lipo kilomita mbili kutoka hapo.

Hesabu ya muda ifanywe kwa uangalifu. Mwendesha baiskeli wa kawaida huenda kilomita 13 hadi 15 kwa saa katika barabara za mashambani. Kila kanisa litakuchukua angalau dakika 15 ukitia saini, ukinywa maji na kuingia ndani. Makanisa 12 katika kilomita 40 ni takriban saa 3 za baiskeli na saa 3 za kusimama, na ukiongeza chakula cha mchana siku imekwisha. Mtembea kwa miguu, anayekwenda kilomita 4 kwa saa, atosheke na makanisa 6 katika kilomita 15. Kaunti nyingi hufungua makanisa kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni, na jua la katikati ya Septemba huzama baada ya saa 1 usiku, kwa hiyo unabaki na mwanga wa kurudi nyumbani.

Nitatoa mfano wa njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inatuhusu moja kwa moja. Iko mashariki ya Lincolnshire. Kabla ya kuja Unguja, Edward Steere, aliyekuwa baadaye askofu na aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili kilichochapishwa mwaka 1870, alikuwa kasisi wa kijiji cha Little Steeping. Rafiki yake William Tozer, aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1863 na kuihamishia misheni yao ya Kianglikana Unguja mwaka uliofuata, alitoka parokia jirani ya Burgh le Marsh. Kanisa kuu la Mkunazini huko Unguja, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, na ambamo Steere alizikwa mwaka 1882, lina mizizi katika vijiji hivi viwili ambavyo watu wetu wachache huvijua.

Anzia Spilsby, mji mdogo wa soko ulio ukingoni mwa vilima, kwenye kanisa la Mtakatifu James. Teremka hadi Halton Holegate, kisha uingie barabara ndogo za kwenda Little Steeping, kwenye kanisa la Mtakatifu Andrea. Hapo tenga muda zaidi ya dakika 15. Great Steeping iko karibu, na kanisa lake la zamani la Watakatifu Wote, lililojengwa mwaka 1748, sasa liko chini ya uangalizi wa Churches Conservation Trust, shirika linalotunza makanisa ya kale yasiyotumika tena kwa ibada za kawaida. Mbele kidogo ni Monksthorpe, penye kanisa dogo la Wabaptisti la mwaka 1701 lililofanywa lionekane kama ghala la mazao, kwa kuwa waumini wake walikuwa na kumbukumbu ya kuteswa, na nje yake pana birika la ubatizo la wazi. Malizia Burgh le Marsh, chini ya mnara wa kanisa la Watakatifu Petro na Paulo. Ardhi baada ya Halton Holegate ni tambarare, na hilo lina uzuri na ubaya wake, maana hakuna mlima lakini pia hakuna kizuizi cha upepo. Upepo wa Uingereza mara nyingi huvuma kutoka kusini-magharibi, kwa hiyo ukianzia Spilsby kwenda mashariki utasukumwa, na ukilazimika kurudi utapambana nao ukiwa umechoka. Panga usafiri wa kurudi, au anzia Burgh. Iepuke barabara ya A158, ambayo Jumamosi hujaa magari ya wanaokwenda pwani ya Skegness. Thibitisha pia kwenye orodha ya mwaka husika ni makanisa gani kati ya haya yatakuwa wazi.

Hatua ya nne: baiskeli, viatu na sheria za njiani

Huhitaji baiskeli ya mashindano. Wiki mbili kabla, kagua breki, tia mnyororo mafuta, jaza upepo, na uzoee kiti kwa safari moja au mbili za nusu ya umbali uliopanga. Beba mpira wa ndani wa akiba, pampu, spana, koti la mvua na maji. Pancha kijijini siku ya Jumamosi haina fundi wa kando ya barabara.

Uingereza huendesha kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda. Aliyejifunzia baiskeli Kongo, Rwanda au Burundi ajihadhari zaidi anapotoka uwanja wa kanisa na kuingia barabarani, kwa sababu hapo ndipo mazoea ya kulia hurudi bila kufikiri. Kofia ngumu haishurutishwi na sheria, lakini ivae. Gizani sheria hudai taa nyeupe mbele, taa nyekundu nyuma na kiakisi chekundu, na kuendesha juu ya njia ya waenda kwa miguu kando ya barabara ni kosa.

Kwa mtembeaji, mshale wa manjano huonyesha njia ya miguu ya umma, ambayo hupita hata katikati ya shamba la mtu kwa haki. Mshale wa buluu ni wa njia ya farasi, na baiskeli pia inaruhusiwa hapo mradi impishe mwenye farasi na mwenda kwa miguu. Kila lango ulilolikuta limefungwa lifunge. Barabara isiyo na njia ya kando, tembea upande wa kulia ili uyaone magari yanayokuja. Watoto wafuatane na mtu mzima siku nzima, na usome kwenye fomu umri ambao kaunti yako imeuweka.

Hatua ya tano: siku yenyewe

Katika kila kanisa utamkuta mtu mezani, au karatasi tu ukumbini. Tia saini kwenye karatasi ya kanisa, naye atie saini kwenye fomu yako. Kama hakuna mtu, andika mwenyewe jina la kanisa na saa uliyofika. Wafadhili wako wamekuamini, na orodha hiyo ndiyo ushahidi wao. Mshukuru anayekupokea, na kunywa anachokupa. Maji, sharubati na biskuti ndivyo vitu vya kawaida. Usichukulie kwamba kila kanisa lina choo, kwa kuwa mengi ya vijijini hayana hata bomba la maji.

Nakuomba uingie ndani. Wapo wanaogusa mlango, wanatia saini na kuondoka mbio ili wafikishe makanisa 40. Fedha zao ni halali na zinahitajika, lakini hurudi nyumbani bila chochote cha kumwambia mfadhili. Tazama birika la ubatizo, ambalo mara nyingi ni kongwe kuliko kuta zinazolizunguka, mbao za dari, vioo vya rangi, na majina ya waliokufa vitani. Tazama pia madoa ya maji ukutani, ndoo iliyowekwa chini ya paa, na mimea iliyoota kwenye mifereji. Piga picha moja au mbili za kila kanisa, ukimwomba ruhusa aliye mezani.

Kama hauendi, pokea wanaokuja

Asiyeweza kutembea au kuendesha baiskeli ana kazi ambayo siku haiwezi kwenda bila yeye. Makanisa hutafuta watu wa kukaa mezani kwa zamu ya saa 2, na kaunti nyingi humruhusu mpokeaji naye kutafuta wafadhili kwa saa atakazokaa. Akina mama wa jumuiya zetu wangeifanya kazi hii vizuri kuliko mtu yeyote niliyemwona. Weka kibao barabarani kinachosomeka kutoka mbali, kwa sababu mwendesha baiskeli anayepita kijiji kisicho na kibao hudhani kanisa limefungwa. Acha mlango wazi kabisa, andaa maji mengi, kalamu zaidi ya moja, na mahali pa kuegemeza baiskeli pasipo na makaburi. Chapati na maandazi havijakatazwa na mtu, na huliwa kabla ya biskuti.

Hatua ya sita: kukusanya na kukabidhi

Anza kukusanya Jumapili inayofuata, habari ikiwa bado mpya. Mtumie kila mfadhili ujumbe wenye idadi ya makanisa uliyoyafikia, kiasi anachodaiwa, na picha ya kanisa moja lenye jambo la kueleza. Andika tarehe ya malipo mbele ya kila jina, maana bila tarehe dai la Gift Aid linaweza kukataliwa. Kila mfuko huweka siku ya mwisho ya kupokea fedha, kwa kawaida wiki chache baada ya safari, na aliyechelewa huchelewesha ruzuku za kanisa ambalo paa lake halisubiri.

Kabidhi fedha zote pamoja na fomu halisi kwa mratibu, au kwa benki kama utaratibu wa kaunti unavyoelekeza. Usitoe nusu ya kanisa lako mwenyewe kabla ya kukabidhi, isipokuwa kaunti yako imeagiza hivyo, kwa sababu mfuko ndio unaodai kodi kwa jumla yote kisha kugawa. Fomu ina anwani za watu, kwa hiyo usiipige picha na kuirusha katika kundi. Baki na kumbukumbu yako ya jumla na idadi ya makanisa, na umwombe mratibu risiti.

Halafu rudi kwenye picha zako. Mahali ulipoona mfereji ulioota majani au kigae kilichoteleza, mwandikie mzee wa kanisa hilo ujumbe mfupi wa heshima, ukitaja upande wa jengo na kuambatisha picha. Kanisa la kijijini linaweza kukaa wiki nyingi bila mtu yeyote kutazama upande wake wa kaskazini, na mvua za Oktoba ziko karibu.